Migomba, hapana

Siku ya ine

Kupanda mateke, ndiyo. Maharagi, ndiyo. Migomba, hapana! Ni vile shemeji Kasereka, mudogo ya marehemu bwana yangu, alinipigia makelele leo, panga mu mukono.

Majani ya gazon yenye marehemu alipanda ilishaoza chini ya muti ya avoka. Pale jua haifike, na kila mvua matope ilikuwa inatelemuka mpaka ku mulango. Donc niliitosha yote, nikapanda mateke, yale magimbi, na maharagi. Kule juu, nyuma ya jikoni, fasi kuko jua kidogo, nikatia migomba yenye mama alinitumia toka Mangina, mizizi ishike udongo. Ni ile tu.

Kasereka akasema: « Maharagi unavuna, inaisha. Lakini mwenye kupanda mugomba, kiwanja ni yake. Weye uliolewa tu hapa. »

Uliolewa tu! Na batoto ine benye nilizalia mu hii nyumba, nabo balizaliwa tu?

Akaingoa migomba yote, akaifunga ku pikipiki yake, eti ataenda kuipanda kwake Kirumba.

Sasa mvua inanyesha, mashimo ya migomba inajaa maji. Naogopa udongo itatelemuka, iangushe ukuta ya jikoni.

Miaka yote kulikuwa majani, kiwanja haikukuwa na mwenyewe. Chakula imeota, mwenyewe ametokea.