Adeer, Trela Nimeifunga Mwenyewe

Adeer Bulle,

Assalamu alaikum huko uliko. Ni mimi Zuhura, muuguzi wa Lamu, yule uliyekuwa ukimwita abaayo, dada yako, naye akikuita adeer, ami yake, ingawa kwa umri ningetosha kuwa binti yako. Nimekaa kwenye ngazi ya trela yetu, hapa uani kwa kliniki mjini Garissa. Mikono inanuka ndimu. Harufu hiyo unaijua.

Miezi mitano sasa tangu ile homa ikuchukue. Dereva mpya amekuja, mtu wa Ijara, mpole, anaendesha taratibu kuliko wewe. (Nani asiyeendesha taratibu kuliko wewe, Adeer?) Lakini maji ya trela hataki kuyagusa. Anasema hiyo ilikuwa kazi ya marehemu. Basi mawingu ya Gu, mvua zetu za masika, yalipoanza kujikusanya, na barabara ya Habaswein ikawa inangoja kugeuka tope, nilijua trela italala uani miezi miwili na hakuna wa kuilaza ila mimi. Niliogopa. Kazi yenyewe haikunitisha. Nilichoogopa ni kwamba mara ya mwisho nilipoachiwa maji haya peke yangu, aliyebeba lawama ni wewe.

Lakini ngoja kwanza nikukumbushe mazuri.

Unakumbuka siku trela ilipofika? Nyumba nyeupe ya magurudumu, zawadi kutoka nchi ya baridi, na sinki yake, na tangi lake chini ya benchi, na kipampu cha umeme kinachovuta maji kwa betri ya gari. Tuliona tumepata kliniki ya ufalme. Ndani ya droo kulikuwa na kitabu chenye picha ya mzungu amesimama kwenye theluji hadi magotini, anamimina dawa ya rangi ya waridi kwenye mabomba ili maji yasigande na kupasua mipira. Kopo la dawa hiyo nalo lilikuwamo. Nilikusomea ukurasa mzima, ukasikiliza kwa adabu kama uko msikitini, halafu ukasema, "Masikini. Maji yao inakufa kwa baridi. Yetu inakufa kwa joto." Kopo ukalitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mpaka leo linazuia mlango.

Ndipo ukatunga utaratibu wako mwenyewe. Kabla ya mvua, unainua pua ya trela kwa jeki ili maji yote yakimbilie nyuma, unafungua koki ya chini, unafungua mabomba yote mawili, kisha unachukua pampu ya baiskeli na kusukuma hewa kwenye mipira mpaka tone la mwisho liteme mate. Pampu uliita "bambu". Pipa uliita "biba". Unasugua tangi kwa ndimu kuondoa ile chumvi nyeupe ya maji ya kisima cha Habaswein, na mwisho unaziba midomo ya mabomba kwa vitambaa, maana nyigu wa hapa wakiona tundu wanajenga. Mvua zikiisha, klorini, na kusuuza, na kikombe cha kwanza unakunywa wewe. Hukuruhusu mtu akutangulie. "Mgonjwa asinywe kitu mimi sijakunywa," ulisema.

Nilikuwa nakucheka, Adeer. Trela moja, mbwembwe zote hizo. Sikujua nilikuwa nafundishwa.

Sasa lile jambo. Nimelibeba miaka mitatu, leo nalitua.

Mwaka ule wa tisini na sita, siku ya kufunga trela, aliletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, na ilibidi umkimbize hospitali kuu. Ulikuwa tayari umeshika usukani. Ukatoa kichwa dirishani ukanipigia kelele, "Abaayo! Futa maji yote, usiache hata tone, halafu funga!" Gari likaondoka na vumbi lake.

Nami nikafuta. Wallahi nilifuta! Nilichukua kitambaa nikafuta sinki, nikafuta meza, nikafuta sakafu hadi chini ya benchi, nikafuta mabomba mpaka nikaona uso wangu. Hata tone sikuacha. Nikafunga mlango nikijisifu moyoni kwamba mzee akirudi atafurahi. Na tangi nimeliacha limejaa nusu.

Miezi miwili baadaye tulikuwa Habaswein, kina mama wamepanga foleni na watoto migongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Ukawasha pampu. Ikaguna, ikanuka, ikatoa moshi, ikafa. Ulipofungua tangi, harufu ilitusukuma sote nyuma. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama uji. Tuliwarudisha wale kina mama bila huduma. Yule bibi aliyekuja na mjukuu mwenye kuhara alijifunga shuka upya akarudi njia aliyokuja nayo. Mgongo wake nauona mpaka sasa.

Hapa Garissa, msimamizi alituweka mbele ya meza yake akauliza ni nani aliyefunga trela. Mimi nilikuwa bado katika muda wa majaribio kazini. Nikaangalia viatu vyangu. Nikasikia sauti yako, "Mimi." Basi. Ndiyo hiyo tu, "Mimi."

Akaandika kwenye faili yako neno moja, akalisoma kwa sauti: uzembe. Barua yako ya kuajiriwa moja kwa moja, ambayo sote tulijua imeshapigwa chapa, ikarudi kwenye droo. Ukabaki kibarua miaka miwili zaidi. Wewe, uliyekuwa unakunywa kikombe cha kwanza!

Sikukwambia kitu. Wiki ile ile nilikusikia ukimwambia mtu sokoni "futa kamba" wakati mbuzi wake anakataa kupanda gari, na mtu akavuta, na hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe ulimi wako wa Kisomali haukuwa na V, na ulikuwa umeniambia nivute. Vuta maji, yatoe yote. Mimi, Mswahili wa Lamu ninayejidai najua lugha, nikaenda kusugua sinki! Nilitaka kukueleza, nikaona aibu. Kesho nitasema, kesho nitasema. Nawe hukuniuliza hata siku moja. Nikadhani unaniona mvivu na umenihurumia tu.

Ila kuna kitu ulianza kufanya baada ya hapo. Kila ukilala chali chini ya sinki kutengeneza mabomba, nilikuwa nakusikia ukivuma: "vvv... vvv..." Kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Nilikutania mbele ya wagonjwa, nikasema dereva wetu siku hizi ndiye pampu. Ukacheka ukaendelea kuvuma.

Juzi, Adeer, nilifungua kile kibao cha mbao chini ya sinki, nibadilishe mpira uliopasuka. Hapo hapana nafasi ya mtu kuingia ila alale chali kama wewe. Nikalala chali. Nikaangalia juu, nikaona maandishi yako ya penseli nyuma ya kibao, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Uliandika FUTA MAJI. Halafu F ukaikata, juu yake ukaweka V, ukaikaza mpaka penseli imechimba mbao. Na chini yake: SEMA V. SISTA NI WA LAMU.

Nililia nikiwa chali, machozi yakaniingia masikioni. Ulijua. Ulijua siku zote, na kosa ukalichukua likawa la ulimi wako, ukalala pale chini, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, ukijifunza kutamka ili mimi nisikosee tena. Na mimi nikakufanya kichekesho.

Jana asubuhi nimekwenda kwa msimamizi. Nilisimama pale pale tuliposimama, safari hii sikuangalia viatu. Nilimwambia yote, na kibao nilikibeba kwapani nikamwonyesha. Akatoa faili yako, akalikata lile neno, akaandika pembeni kwamba si kweli, akatia sahihi. Mimi amenipa barua ya onyo. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Kutoka hapo nilikwenda kwako, kwa mkeo Habiba. Nilikuwa naogopa uso wake kuliko faili. Alinisikiliza akiwa ameshika birika. Ile miaka miwili ilikuwa migumu, hakunificha. Halafu akanimiminia shaah, chai yenu, akasema, "Hata hapa nyumbani alikuwa anafuma hifyo. Vvv, vvv. Mbaka mtoto ananiuliza, mama, baba ana nini?" Tukacheka, Adeer. Tukacheka mpaka tukalia, na nilipoondoka alinishika mkono akaniita abaayo.

Kibao nimekirudisha mahali pake. Sitakipaka rangi, wala sitaruhusu mtu akipake. Dereva mpya nimemlaza chali pale chini akisome mwenyewe, na baada ya Gu nitamfundisha klorini na kusuuza. Lakini kikombe cha kwanza ni changu. Nakuahidi hivyo, mbele ya Mungu, hakuna mgonjwa atakayekunywa kabla yangu muda wote nitakaokuwa na trela hii.

Sasa mawingu yameshuka, na harufu ya mvua inatoka upande wa mto. Pua ya trela iko juu kwa jeki, koki iko wazi, bambu yako nimeisukuma mpaka mabega yananiuma. Mabomba nimeyaziba kwa vitambaa. Lala salama, Adeer wangu, Mungu akunyweshe maji yasiyoharibika.

Nimevuta maji yote. Halafu, kwa ajili yako, nikafuta pia.

Abaayo wako,
Zuhura