Moto wa Malishoni Mkange

Mdogo wangu Saidi,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Vigwaza, na mikono iliyoungua inaendeleaje? Nimekupigia siku nyingi hupokei, ndiyo maana naandika.

Mimi mzima wa mwili. Kazi hapa Uholanzi ni ileile, kuhamisha ng'ombe kutoka kipande kimoja cha malisho hadi kingine kabla hawajala majani mpaka shinani. Majani yakipumzika, mizizi hushuka na kufungia ardhini hewa ya ukaa inayozidisha joto duniani. Kipo pia chombo cha kupima hewa anayobeua ng'ombe anapokula pumba. Nilipomsimulia Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumbe unalipwa kusikiliza ng'ombe wakibeua."

Lakini alinisikia. Akayagawa malisho yetu mafungu manne na kukataza kuchoma. Wewe ulinipigia, ukasema majani yamekomaa, ng'ombe wanakonda, na tangu enzi za babu tunachoma ili yachipue mapya. Nikakujibu kwamba hujui kitu. Nilikuwa mbali, sikuwaona hao ng'ombe, na bado nilisema hivyo.

Mama amenieleza yote. Ulikiwasha moto kipande cha bondeni ukidhani utakimudu, upepo ukageuka, Baba akakimbilia kuuzima moto kwa matawi mabichi. Moshi ukamwangusha. Anasema ni wewe uliyeingia ukamtoa umembeba mgongoni, akafia mikononi mwako.

Siku ya maziko nilikuwa zizini. Nilimwombea dua peke yangu, nimesimama kwenye samadi, ng'ombe wa watu wakinitazama.

Nasikia pale kijijini Mkange wanasema umemuua Baba, ndipo ukaondoka. Saidi, mimi ndiye niliyemtuma alinde yale majani, nami sikuja kushika hata tawi moja. Kama ni kosa, letu sote. Usilibebe peke yako.

Kuhusu ng'ombe, amua wewe. Ukiwauza sitakulaumu. Ukitaka kuchoma, choma. Nimekoma kutoa maagizo kwa simu. Mimi nimeomba ruhusa ya kuja. Ikikataliwa nitaacha kazi.

Lakini wewe tangulia. Nisalimie mkeo, na ukifika nyumbani mpe salamu shangazi anayekaa na Mama mpaka eda iishe. Juzi Mama aliniambia maneno ambayo siwezi kuyabeba bila wewe: "Nimemzika mmoja, lakini nyumba imebaki tupu kama nimezika watatu."

Nenda kwake, mdogo wangu.

Mimi kaka yako,
Hamisi