Salamu za Baba

Kaka yangu,

Barua hii nimeishikilia mpaka niliposikia kikosi chenu kimetoka mpakani na kurudi kambini. Mimi mzima, ila situlii. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara tatu, hata kuku wananishangaa.

Bati la jikoni limeshazibwa. Karakana ya baiskeli nimeifunga, na spana za Baba bado zimejipanga ukutani kama gwaride. Kitanda chake nakitandika kila siku, nalivuta shuka mpaka likaze. Si unamjua, jeshi alistaafu lakini kutukagua hakustaafu.

Kaka, Baba alifariki mwezi wa tatu. Kifua kilimbana siku nne tu. Nilishika kalamu nikuandikie, akaninyang'anya.

"Mimi habari ya kifo cha mama yangu ilinifikia nikiwa kwenye handaki," alisema. "Nikainuka kama mwendawazimu. Mwenzangu akaja kunivuta chini, risasi ikampata yeye. Mwanangu asiambiwe mpaka zamu yake iishe. Hiyo ni amri."

Nikatii. Kila ulipouliza hali yake, niliandika kwamba hajambo na anakusalimu, kisha nikatembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Salamu zile nilizitunga mimi, unisamehe. Yake ilikuwa moja tu, aliyoisema siku ya mwisho: "Mwambie asiinue kichwa."

Sasa kiinue, kaka, uje nyumbani.

Mdogo wako, niliyebaki na funguo