Taa ya Barazani Jioni ya Halowini

Mpendwa Bi Opal wa safu ya ushauri, nisaidie, maana tangu Halowini nimeshikwa na bumbuazi na sijui nilie au nishukuru. Mimi ni mjane, naishi hapa Missouri na mdogo wangu Wendell, aliyetoka gerezani mwaka jana kwa kosa la kingono, na jina na picha yake vimo kwenye orodha ya serikali ambayo yeyote anaweza kuiona, na sharti alilopewa ni kwamba jioni ya Halowini akae ndani na taa ya barazani izimwe, maana usiku huo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiwa wamevalia mavazi ya kuigiza, na taa iliyowaka ni ishara kwao ya kuja kuomba peremende. Sasa mimi, kwa mazoea ya miaka na miaka, nikaiwasha bila kufikiri nikaenda zangu kuoga, kumbe mtoto mmoja aliyevalia kama mwanaanga ameiona, akapanda ngazi akabisha, nami nikamsikia Wendell akisema bila kufungua, "Rudi kwa mama yako. Taa imewashwa kwa makosa," kisha akampigia simu askari anayemsimamia tangu atoke gerezani na kujishtaki mwenyewe, huku akijua anaweza kurudishwa ndani. Bi Opal, sijawahi kuona jambo kama hilo maishani, na askari alipofika nikakiri kuwa mkono ulioiwasha taa ulikuwa wangu, akatuonya akaenda. Lakini binti yangu Krista ameapa wanawe hawatakanyaga kwangu Wendell akiwepo, na mimi nataka Siku ya Shukrani tule bata mzinga meza moja, maana jamani si amejithibitisha, ila Wendell mwenyewe ananiambia, "Dada, Krista ana haki. Mwache." Niwaalike au nisiwaalike?

Darlene

Darlene, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mtu kujishtaki kwa kosa la dada yake si jambo dogo, na sitamnyima sifa yake.

Lakini wewe, mama, umeniudhi. Unasema "kosa" kana kwamba alivunja dirisha la jirani. Kuna mtu aliumizwa, na bila shaka alikuwa mtoto, la sivyo nani angejali taa yenu? Umemtaja mwanaanga, umemtaja hata bata mzinga, huyo aliyeumizwa hukumtaja. Krista hajamsahau. Najua damu ni nzito kuliko maji, ila jioni moja njema si cheti cha kupona.

Usiwaalike. Siku ya Shukrani mwachie Wendell sahani iliyojaa, kisha chukua pai yako ya maboga uende kwa Krista, ucheze na wajukuu huko huko, na usimbembeleze abadili neno lake. Na leo hii panda kiti uitoe globu ya barazani, kwa sababu huo mkono wako hauaminiki.

Ndugu yako anajijua kuliko unavyomjua, ndiyo maana hakufungua mlango. Usimfungulie wewe.