Hata Udongo Huu Ulikuja

Basi siku ile sikumaliza kukueleza, Papa, kwa nini Didier, mchumba wangu wakati ule, huyaacha mawe yenye shaba na kubeba yale mekundu yasiyo na mnunuzi. Ulicheka: "Mutu gani anabeba mawe ya bule?" Kisha ukasema polepole, "Na bandugu yake ni ba Kasaji, benye udongo huu; sisi tulikuya na train. Siku moja batakuambia: rudia kwenu Kasai." Ukafa bila kunipa ndiyo yako.

Papa, nimeolewa! Kila asubuhi namtazama akiwa amelala, nacheka peke yangu kama mwehu.

Baada ya arusi alinipeleka kazini kwake, kwenye miamba ya Nzilo. Ndani ya jiwe jekundu, aliniambia, mna punje ndogo za chuma. Jiwe lilipokuwa bado tope, punje zilielekea kaskazini ya wakati ule kama sindano ya dira, kisha likakauka nazo. Mlalo wa punje hizo huonyesha nchi yetu wakati ule ilikuwa mbali kiasi gani na ncha ya dunia, kwani ardhi nayo husafiri. Ndiyo maana, kabla ya kutoa kipande, huchora mshale kuonyesha kilivyolala. Bila mshale, jiwe ni bubu.

Nilishika dira mimi, na panga mapajani! Sindano ikanigeukia. "Eh, chérie, hata sindano inakufwata!" Tukalitupa panga mbali, tukachora mshale upya. Nampenda, Papa, nampenda mno.

Jumapili tulikula bukari na samaki kwa mjomba wake, huko Kasaji. Mzee akanitania mbele ya wote: "Bibi-arusi, si ninyi ba Kasai mulikuya juzi tu na train?"

Nilisikia sauti yako.

Didier akaweka tonge chini. "Tonton, hata hii udongo ilikuya. Ilitoka mbali kupita Kasai."

Halafu mjomba akaangua kicheko, akanisogezea sahani ya samaki. "Basi kula, mwana wangu. Sisi wote tuko bageni."

Laiti ungalikuwepo.

Hukumpokea Didier ukiwa hai, kwa hiyo namleta kwako. Tumekuchagulia jiwe jekundu lenye mshale wake. Atalilaza kaburini kwako vilevile lilivyolala Nzilo. Pumzika, Papa wangu. Mwezi huu hautaisha kabla hatujasimama mbele yako, tumeshikana mikono, tukingoja ile ndiyo.

Mwana wako,
Bijou