Kopa Chini ya Barua

Kilombero, 6 Machi 1994

Mke wangu Mama Justina,

Habari za Kilema? Mimi mzima, isipokuwa mgongo na viganja. Miwa haina huruma. Justina hajambo? Ng'ombe amezaa? Baba mkwe mpe shikamoo yangu.

Nimepanga chumba na kijana wa Machame, Aminieli, aliyefika kidato cha pili. Anasema naandika kama karani wa chama cha kahawa: salamu, ng'ombe, basi. Kanifundisha kitu cha Kizungu. Maana yake utaielewa mwenyewe.

Fromu ze botomu ofu mai hati.

♥

Mumeo,
Baba Justina


Kilema, 29 Machi 1994

Baba Justina,

Hatujambo. Ng'ombe amezaa dume. Shikamoo yako imefika, ila baba hakuitikia.

Nimeelewa, kama ulivyosema. Kizungu sikijui, lakini kopa naijua na hati naijua. Umerudi kwenye karata! Mtamba wa mama ulimwacha Himo kwenye meza ya karata, nikanyamaza. Sasa ni hati ya kiwanja chetu cha Kwa Sadala? Baba kaitazama hiyo kopa kwa miwani, kaitazama bila miwani, akasema, "Huyu kacheza, kaliwa, na hati kaiweka rehani. Na kachora kabisa, hana haya!"

Nimehamia kwake na mtoto. Hati kailalia chini ya godoro, panga liko pembeni. Huyo aliyekula hati yetu na aje.

Mkeo,
Mama Justina


Kilombero, 17 Aprili 1994

Mama Justina,

Habari za hapo ulipohamia? Mimi mgongo umepoa, sasa kinachouma ni kichwa.

Jamani! Hati ni moyo! Wazungu moyo wanauita hati, mimi nifanyeje? Wanasema jambo la kweli hutoka chini kabisa ya moyo. Hiyo ndiyo botomu. Na hiyo si kopa, ni moyo. Najua, tumechinja mbuzi wengi na hatujaona moyo wa namna hiyo, lakini wao ndivyo wanavyouchora.

Karata sijashika tangu Himo. Nikitoka shambani hata kijiko kinanishinda. Aminieli kacheka mpaka kalala sakafuni, nimemwambia ahame. Mpe Padri aisome hiyo barua. Mwambie baba aondoe panga kitandani, asije akajikata bure. Na wewe rudi nyumbani. Migomba anaipalilia nani?

Mumeo,
Baba Justina


Kilema, 30 Mei 1994

Baba Justina,

Kichwa kimepona? Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Padri alikuwa safarini, nikampa mwalimu Filemon baada ya misa, naye akaisoma kwa sauti mbele ya kwaya nzima. Sasa nikienda bombani naitwa Mama Botomu. Baba anasema hata kama ni moyo, mtu mzima hachori moyo. Hati haachii mpaka akuone.

Nimerudi nyumbani, nimepalilia. Humu ndani nimetia jani la isale. Limekauka, lakini ni isale, na Mchaga akiombwa msamaha kwa isale hakatai. Nisamehe.

Lakini na wewe! Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, hukupata neno la kuniambia mpaka ukaazime la Wazungu? Niandikie kwa Kichaga.

Mkeo,
Mama Justina


Kilombero, 19 Juni 1994

Mama Justina,

Hamjambo? Isale nimepokea, yamekwisha.

Lile neno nimejaribu. Nimeandika, nimechana, nimeandika tena. Kila nikilisoma naona kama baba yako anachungulia. Kichaga chetu ni cha kuitana, kugombana na kufukuza mbuzi. Hilo neno sijawahi kuliona limeandikwa popote.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi kauliza nani amefariki. Nimesema hakuna, mke wangu anataka kusikia neno. Kanitazama kama mwenye malaria, kanipa wiki moja.

Siku nikifika baba awe sokoni. Usinikaribishe maji wala mbege. Ngoja niseme kwanza, pale pale mlangoni, kabla sijaghairi.

Mumeo,
Baba Justina