Kibao cha Bawa la Kushoto

Jumatatu, 5 Mei
Ukaguzi wa ndege saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Mafuta, matairi, breki. Ndege ndogo imerudi kutoka kwa fundi Mbelwa, amebadilisha nyaya za mabawa. Mwanafunzi wangu Zuhura, msichana wa kutoka Maramba, kanizunguka na maswali. Nimemfokea mbele ya wenzake: mwanafunzi hamkagui mwalimu. Kanyamaza. Vizuri. Maswali ya alfajiri huniumiza kichwa.

Jumatano, 7 Mei
Tumeanguka. Tuko hai.

Wingu zito lilikuwa linashuka kutoka milima ya Amani, nami nilitaka mimi na Zuhura tumalize somo kabla ya mvua, safari ya kwanza ya ndege ndogo tangu irudi. Watu husema haraka haraka haina baraka. Mvua nayo haina subira. Nikazungusha usukani kushoto, kulia. Haukukwama. Nikasema uko huru, macho yangu mawinguni. Kanuni ni kuzungusha huku ukitazama vibao vya mabawa vinavyopanda na kushuka. Sikutazama.

Tukapaa. Tulipofika kimo cha mnazi, upepo ukainua bawa la kushoto. Nikakata usukani kushoto ili lishuke. Likazidi kupanda. Nikazima injini. Bawa la kulia likapiga chini, tukaburuzika hadi majanini. Zuhura kavunjika mtulinga. Mimi mikwaruzo tu. Naona haya kuwa mzima.

Alhamisi, 8 Mei
Wakaguzi wamefika. Nyaya zilifungwa kinyume. Ukikata kushoto, kibao cha nyuma ya bawa la kushoto kinashuka badala ya kupanda, na ndege inalalia kulia. Mbelwa kasimamishwa kazi. Mimi nimepewa karatasi niandike maelezo. Kila mtu ananipa pole. Nimezipokea zote.

Ijumaa, 9 Mei
Hospitali, baada ya sala. Zuhura kafungwa bega. Tulipobaki wawili akasema bila kunitazama, "Niliona, mwalimu. Ulipokata kushoto kabla ya kupaa, kibao cha kushoto kilishuka. Nikadhani nawe umekiona."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ungenifokea."

Kisha akasema wakaguzi hatawaambia. Mwalimu ni mzazi, hafedheheshwi.

Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilifurahi.

Jumapili, 11 Mei
Mama yake Zuhura kaja hospitali kutoka Maramba. Kanishika mikono yote miwili. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mwalimu. Umenirudishia mwanangu."

Nikaitikia amina. Zuhura akageukia ukutani.

Mkubwa jalala, husemwa, lakini taka zote nimemwachia Mbelwa. Alikosea kufunga, kweli. Ila kutazama ilikuwa kazi yangu, na aliyetazama nilikuwa nimeshamziba mdomo. Mbelwa akinitemea mate, nitamwelewa.

Jumanne, 13 Mei
Nimeandika maelezo. Kurasa mbili. Haraka yangu, macho yangu mawinguni, kumfokea kwangu Zuhura. Leseni itakwenda. Miaka ishirini na sita ya kufundisha, na kazi nyingine siijui. Naogopa.

Jumatano, 14 Mei
Sikutaka jina la Zuhura lifike kwa wakaguzi bila yeye kujua. Nimempelekea asome kwanza.

Kasoma polepole, kidole kwenye mstari. Kafika mwisho, karudi ukurasa wa kwanza. Nikamwona anafungua mdomo, anaufunga. Nikangoja. Kungoja si kawaida yangu.

"Mwalimu, hapa umekosea. Umeandika ulinifokea mara moja. Ni mara tatu."

Hizo mbili nyingine sikuzikumbuka kabisa. Nikamwomba anieleze. Akanitajia siku, mahali tuliposimama, na maneno niliyotumia. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, baadaye ikatulia. Nikakata "moja", nikaandika "tatu".

Saa tisa nimeikabidhi karatasi kwa wakaguzi.